Mji Unaolala Ng'ambo: Mombasa na Miji Inayoizunguka

Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo, na ahsanteni kwa kuja.

Nimepewa mada inayosema "miji midogo iliyo karibu na mji mkubwa". Mwenyekiti ataniwia radhi, maana mada hii imebeba dhana ambayo mimi siikubali: kwamba mji mkubwa unaisha mahali, halafu pana mwanya, halafu mji mdogo unaanza. Panda matatu pale Buxton uelekee kaskazini, kisha uje uniambie Mombasa iliishia wapi. Bombolulu, Bamburi, Shanzu, majumba yamefuatana bila kuachana, mpaka umevuka daraja la Mtwapa na kuingia kaunti nyingine hujatambua. Makanga hatambui. Nauli haitambui. Inayotambua ni serikali peke yake, na jioni ya leo nataka tuzungumzie hasara tunayoipata kwa utambuzi huo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia mstaafu, na nyumba yangu iko Mtwapa. Kwa hiyo nasema kama mtu anayelala upande mmoja wa maji na kuishi upande wa pili, kama walivyo wengi humu ukumbini.

Sensa ya mwaka 2019 ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Ikatoa watu 1,208,333 kwa Kaunti ya Mombasa, 1,453,787 kwa Kilifi na 866,820 kwa Kwale. Sina ugomvi na hesabu hizo. Lakini sensa inahesabu vitanda. Fundi wa gereji ya Changamwe anayelala Mariakani ni mtu wa Kilifi. Muuza viatu wa Mwembe Tayari anayelala Ukunda ni mtu wa Kwale. Idadi ya watu nayo ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kugawa fedha za kaunti, hivyo mgao wake unakwenda kule kitanda kilipo, wakati leseni ya biashara yake, ada ya maegesho na chakula cha mchana vinabaki huku. Mombasa inalalamika kwamba inasafisha uchafu wa watu ambao haihesabiwi. Kilifi inalalamika kwamba inasomesha watoto wa watu ambao kodi zao hazionekani. Wote wawili wana haki ya kulalamika, na kwa sababu kila mmoja ana lalamiko lake mkononi, hakuna anayepiga simu.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Kisiwa chetu kina milango mitatu. Kaskazini ni daraja la Nyali. Hili la sasa ni la mwaka 1980, na kabla yake palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka 1931. Magharibi ni Makupa, reli ya Uganda ilikovukia kwenda bara, na ambako mwaka 2022 tuta la zamani liliondolewa likawekwa daraja, maji ya bahari yakapata tena njia ya kupita. Kusini hakuna daraja la magari, kuna feri. Kila mlango umezaa mji wake, na kila mji umechukua tabia ya mlango uliouzaa.

Nitaanza na Mtwapa. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Wengi hudhani Mtwapa ni mji wa juzi, wa baa na majengo ya kupangisha. Pale ufuoni, kaskazini ya mkono wa bahari, kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 wenye misikiti, nyumba za matumbawe na visima. Wataalamu wanadhani waliojenga pale walivutwa na maji ya kunywa na upepo wa kaskazi na kusi. Wanaohamia siku hizi wanavutwa na kodi ya nyumba. Mwaka 2009 Mtwapa ilikuwa na watu karibu 49,000, na mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 90,000. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu katika miaka kumi haukungoja mpima ardhi.

Kwa nini watu walihama kisiwani na vitongoji vyake? Jibu la haraka ni kwamba kisiwa kimejaa. Jibu la kweli ni refu zaidi, na linaanzia mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa maili kumi wa pwani. Aliyekuwa na karatasi, mashahidi na wakati wa kufuata mambo alipeleka madai yake akapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao palepale hawakupeleka madai yoyote, kwa sababu hawakujua kwamba kitu chao kinahitaji kuombwa. Matokeo yake tunayaona mpaka leo Kisauni, Likoni na Changamwe: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Nyumba ni ya mama fulani, lakini ardhi ni ya mtu mwingine anayekuja kuchukua kodi ya kiwanja. Mama huyo hawezi kupandisha ghorofa na hawezi kwenda benki na nyumba ambayo imesimama juu ya hati ya mwenziwe. Watoto wake wakioa, vyumba haviongezeki.

Basi mwenye akiba kidogo anatafuta kiwanja ambacho atapewa hati, na mwenye mshahara mdogo anatafuta chumba atakachokimudu. Wote wawili wanakutana Mtwapa. Nayo Mtwapa imo ndani ya ukanda uleule wa maili kumi, kwa hiyo msidhani huko mambo yamenyooka. Kuna mashamba kule ambayo yameuzwa, yakauzwa tena, na bado yana maskwota waliozaliwa humo. Nani alimuuzia nani, hayo ni ya mahakama.

Mji huu una siku mbili ndani ya siku moja. Siku ya kwanza inaanza kabla ya alfajiri. Mahamri yameshakaangwa na mbaazi zimeiva, na stejini pamejaa: walinzi wanaorudi, wahudumu wa hoteli wa zamu ya asubuhi, wanafunzi, makarani, vibarua wa bandarini. Barabara ya kuelekea mjini imekuwa ikipanuliwa kwa miaka sasa, na mradi utakapomalizika tutashukuru, ila kwa leo vumbi ni letu na foleni ni yetu. Wakati wa mvua nauli inapanda bila mtu kutangaza. Anayefanya kazi Changamwe hupanda gari mbili, na wakati mwingine tuktuk juu yake. Ukiwauliza watu hawa mshahara unaishia wapi, watakuambia chakula, karo na barabara. Kodi ya chumba waliyoikimbia mjini wanailipa tena kidogokidogo mlangoni mwa matatu.

Siku ya pili inaanza jua likizama. Mtwapa ya usiku mnaijua, sina haja ya kuieleza mbele ya wazee. Nitasema neno moja la uchumi tu. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Siku hizi mgema wa Kikambala au Kaloleni, anayepanda mnazi asubuhi na jioni, anapata shilingi chache za tembo lake, na kinacholiwa kwa mlevi kinaliwa na mwenye baa ambaye pengine hata halali Mtwapa.

Tuelekee magharibi. Huku ardhi inaanza kupanda. Ukishapita Miritini, ambako ndiko abiria wa treni ya SGR kutoka Nairobi wanashukia tangu mwaka 2017, unaacha uwanda wa pwani na kuingia vilima vya Mazeras na Rabai. Rabai ni mji mdogo wenye historia nzito. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianzisha kituo cha misheni hapo mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, na kaya ya Warabai, yaani makao ya kale ya wazee wao ndani ya msitu, ilikuwapo hapo kabla yao kwa muda mrefu sana. Kaya za Mijikenda, hiyo ikiwemo, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Watalii wachache wanafika. Nawasihi walimu mlio hapa: kabla ya kuwapeleka watoto Fort Jesus kwa mara ya tano, wapelekeni Rabai.

Mazeras inajulikana nchi nzima kwa mawe yake. Ukiona ukuta au njia ya kuingilia nyumba jijini Nairobi iliyopambwa kwa vibamba vya mawe ya mchanga, mara nyingi utaambiwa ni "mawe ya Mazeras". Mwenye nyumba anajua jina la mahali ambapo huenda hajawahi kushuka gari.

Kisha Mariakani. Huu ni mji wa barabara kuu. Una njia panda ya Kaloleni, viwanda vya mabati na vyuma, kambi ya jeshi, na una mizani. Mizani ndiyo iliyoufanya mji kuwa ulivyo. Lori likitoka bandarini na kontena lazima lisimame kupimwa. Likisimama, dereva anashuka, na dereva akishuka kuna mtu atamuuzia chai, mwingine ataziba tairi, mwingine atampangisha chumba cha kulala hadi asubuhi. Uchumi mzima wa watu wasiowahi kuona meli unategemea meli.

Hili lilidhihirika mwaka 2019, amri ilipotoka kwamba makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa SGR. Magazeti yalizungumzia zaidi wenye malori na kazi za bandari hapa Mombasa, na vijana wetu waliandamana siku za Jumatatu. Lakini nendeni mkawaulize akina mama wa vibanda vya chakula Mariakani, Mazeras na hadi Samburu hii ya Kwale. Wao hawakuwa na chama wala msemaji. Lori lilipopungua, sufuria ilipungua, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022 baada ya serikali mpya kuingia, na katika hotuba nyingi nilizozisikia kabla na baada yake sikusikia jina la mji hata mmoja wa barabarani. Kilichoamuliwa kilikuwa kati ya bandari na Nairobi, na huku katikati ikaonekana kama hakuna mtu anayekaa.

Barabara yenyewe, kutoka Mombasa hadi Mariakani, ni kilomita 41.7, na imekuwa ikijengwa upya kwa vipande. Kipande cha kwanza, cha kilomita 11.3 hadi Kwa Jomvu, ndicho kilichotangulia. Wanaosafiri kila siku wanaijua kwa magoti yao, si kwa takwimu.

Kusini nitakwenda kwa tahadhari kidogo, kwa sababu kuna machungu. Feri ya Likoni imekuwapo tangu mwaka 1937. Wahusika wake husema inavusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na anayekwenda kwa miguu halipi. Hilo ni jambo kubwa ambalo hatulisifu vya kutosha: katika nchi hii, mtu maskini kuvushwa bure kwenda kazini! Lakini tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu 272, wengi wao wakiwa watu wa kawaida waliokuwa wakielekea kazini. Kila familia ya Likoni na Mtongwe ina jina inalolikumbuka. Kwa hiyo mtu wa kisiwani akisema kwa wepesi kwamba watu wa kusini "wanapenda kulalamika kuhusu feri", namwomba anyamaze kidogo.

Ukunda, mbele ya Likoni, ni tofauti na Mtwapa na Mariakani. Ilikuwa na watu karibu 78,000 mwaka 2019, na ina mwajiri wake, ambaye ni hoteli za Diani. Si mji wa kulala tu. Shida yake ni kwamba kwa miaka mingi mgeni wake alikuwa akishukia upande usio wake. Ndege inatua uwanja wa Moi, mgeni anapita mjini, anangoja feri kwenye jua, na kama feri moja imeharibika anafika Diani amekasirika. Barabara ya Dongo Kundu imeligeuza jambo hilo. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2018, na yalipokamilika madaraja ya Mwache na Mteza, hilo la Mteza likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja, gari linaweza kutoka Miritini hadi barabara ya Lunga Lunga bila kugusa maji ya Likoni. Mgeni anafurahi, mwenye hoteli anafurahi, na lori la mizigo ya Tanzania nalo lina njia. Aliyepungukiwa ni muuza madafu na korosho aliyekuwa akiuza kwenye foleni ya magari. Hajapoteza yote, maana watembea kwa miguu bado wapo, lakini mwenye gari ndiye aliyekuwa akinunua bila kuuliza bei mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Maji.

Fungueni mfereji hapa mjini, kama leo ni zamu yenu. Maji yale yametoka wapi? Yametoka Mzima, Taita Taveta, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Yametoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Yametoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, Kwale, na kutoka visima vya Tiwi, Kwale vilevile. Hivyo ndivyo vyanzo vyetu vikubwa vinne, na hakuna hata kimoja kilicho ndani ya Kaunti ya Mombasa. Bwawa la Mwache, ambalo linategemewa kutuokoa, nalo liko Kwale. Visima vya kisiwani mnajua vilivyo: kimoja kina chumvi, cha pili kiko hatua chache kutoka choo cha jirani.

Mombasa ni mgeni anayelishwa na majirani watatu, na adabu ya mgeni inajulikana. Badala yake kila ukame tunasoma habari za madeni, za mabomba kukatwa, za kaunti moja kudai malipo kwa maji yanayotoka kwake na nyingine kujibu kwamba maji ni ya taifa. Wakati huohuo, kijiji ambacho bomba linapita uani mwake kinanunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni. Nimeona mtu akitegwa na swali la mtoto: "Baba, ndani ya hili bomba kuna nini?" Baba akasema kuna maji ya watu wa Mombasa. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana mabomba yanatobolewa usiku.

Si maji tu. Mboga na maembe ya soko la Kongowea, nazi na madafu, makuti ya paa, mkaa, mchanga wa kujengea, mawe ya machimbo, vyote vinaingia kwa milango ile mitatu. Kinachotoka mjini kwenda huko ni mishahara na takataka. Na watu, jioni. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Nairobi ilishakubali zamani kwamba Ruiru, Kitengela na Ongata Rongai ni sehemu ya maisha yake, hata kama ziko kaunti nyingine, na bado inahangaika. Dar es Salaam imeshafika Kibaha na Mkuranga. Sisi bado tunachora mstari katikati ya mkono wa bahari na kujifanya hatuvuki.

Kuna karatasi nimeletewa hapa, mtu anauliza: je, Mtwapa ihamishiwe Mombasa? Jibu langu ni hapana. Kwanza, kubadili mpaka wa kaunti kwa mujibu wa ibara ya 188 ya Katiba kunahitaji mapendekezo ya tume huru, kisha thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Mpaka tumalize, wajukuu wangu watakuwa wastaafu. Pili, Kilifi itapoteza mji wake unaokua haraka, na itakuwa na haki ya kukasirika. Tatu, ukishaipata Mtwapa utaitaka Kikambala, kisha Vipingo. Mji haukomi, kwa hiyo mpaka hautaufukuzia.

Njia ya karibu iko katika ibara ya 189 ya Katiba hiyohiyo, inayoruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Tunayo pia Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti zote sita, ambayo inakutana, inapiga picha, inaagana. Ninachopendekeza ni kidogo. Kaunti tatu tu, Mombasa, Kilifi na Kwale, ziwe na mamlaka moja ya usafiri itakayopanga steji na ruti za Mtwapa, Mariakani na Ukunda kama ruti za mji mmoja, ili gari la Mtwapa lisifukuzwe Buxton kama mgeni asiye na barua. Taita Taveta iongezwe kwenye meza ya maji, na pawe na kanuni moja isiyojadiliwa: kijiji kinachopitiwa na bomba kinywe kwanza. Fidia ya fedha nayo izungumzwe, lakini baada ya hapo. Na katika mpango wowote wa bandari, akina mama wa mizani ya Mariakani wapate kiti, hata kama ni cha plastiki.

Mhandisi mmoja ataniambia kunywesha vijiji njiani kunapunguza nguvu ya maji yanayofika kisiwani. Kunapunguza, sikatai. Ila hupungua pia bomba linapotobolewa, na la kutobolewa halina mita wala bili.

Mwenye swali na aulize. Wa Mariakani watangulie, maana baada ya saa mbili usiku magari yao huwa machache na makanga huanza kutaja bei anayoitaka.